Zamu ya Thuwaini

Mara ya kwanza faili lililala kwake siku tisa.
Sote tulijua alipo: Fahud,
kisima namba sijui ngapi, wiki mbili jangwani,
na mtandao unaokuja na kuondoka kama paka wa jirani.

Kanuni tuliiandika wenyewe:
Raya, kisha Zahor, kisha Thuwaini, kisha Shinuna, kisha mimi.
Hakuna kuruka. Hakuna kupishana.
Anayemaliza hulifunga faili, hulituma kwa barua pepe
kwa anayefuata, na kwa huyo tu.
Miaka miwili na nusu ilipita, na kwenye ramani
ulikuwa bado mwaka wa saba tangu tuteremke visiwani.
Ngano yangu ilikuwa imeiva tangu Ramadhani.
Sikuweza kuivuna.

Raya anakaa Al Khuwair, ghorofa ya sita.
Kazi yake ni benki, na benki humfundisha mtu
kuiona kila dakika kama sarafu iliyodondoka.
Akaandika: aliye macho acheze.
Mwaka ufunguliwe, kila mtu aingie kwa wakati wake,
Alhamisi usiku tufunge.
Akamalizia: chelewa chelewa utakuta mwana si wako.
Zahor, kutoka Doha, akajibu kwamba haraka haraka –
hatukumwacha amalize.
Methali zilikwisha kabla ya ugomvi.

Tukajaribu. Miaka mitatu ya ramani ndani ya wiki tatu!
Nilivuna, nikauza, nikajenga bandari,
nikalala na simu kifuani kama mama wa mtoto mchanga.
Shinuna, anayekesha wodini Sohar,
aligundua kwamba saa tisa za usiku dunia nzima ni yake:
akavuka mlango wa bahari sisi tukikoroma,
akachoma ghala la Thuwaini,
akaenda kumpima mgonjwa joto.

Thuwaini aliporudi mjini hakulalamika.
Aliuliza swali moja:
mlinipigia hodi?

Hapa Ibra, daftari la falaji analo shangazi Muhaina.
Lilikuwa la mumewe, lakini macho yake hayakuona mistari,
basi mkono ulioandika ulikuwa wa shangazi miaka yote.
Maji hugawanywa kwa athari, nusu saa nusu saa:
zamani mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota,
siku hizi kwa saa ya mkononi ya marehemu.
Kwao athari ni kipande cha maji.
Kwetu ni kile kinachobaki mtu akishapita.

Nilimweleza mchezo wetu tukimenya vitunguu.
Alicheka mpaka kisu akakiweka chini.
Watu wazima, na digrii zenu, mnagombania ngano isiyolika!
Halafu akafungua daftari:
jina limekatwa, jina juu yake, mshale, jina tena.
Huyu alifiwa, akamwazima jirani alfajiri yake,
akalipwa adhuhuri ya Jumatatu.
Huyu alilala. Maji yakampita, yakaenda kwa mwenzake,
na zamu iliyofuata bado ilikuwa yake.
Zamu unaweza kuiuza, alisema, kuiazima, hata kuilalia.
Kuibiwa ndiko kunakotoa majambia viunoni.
Na huyu? Jina lilifutwa kwa wino mweusi, karatasi imetoboka.
Akalifunga daftari.
Menya vitunguu.

Tumerudi kwenye foleni, lakini sasa ina mlango:
ukitaka kumpisha mtu, andika jina lake.
Shinuna amerudisha nusu ya ghala.
Nusu nyingine, anasema, iliungua kweli.

Safari hii ni siku kumi na moja.
Thuwaini hakumpisha mtu, nasi hatukumgusa.
Jana usiku alituma. Kwa Shinuna faili halikukaa dakika tano,
nami nikalifungua kwa pupa, nione mtu anafikiri nini
siku kumi na moja peke yake na mashine.

Askari mmoja. Hatua moja, kaskazini.
Na ujumbe: nimepanda juu ya tangi kuutafuta mtandao,
niwieni radhi.

Chai imepoa. Nimeikuza ramani mpaka imekuwa vumbi la rangi.
Kaskazini kule kuna nini?